Miaka miwili bila kava, juzi simu imeanguka: je, kava lingeiokoa kweli?

#1 Mbuyu Mkavu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni kati ya wale walioamini kuwa simu ishikwe kama ilivyotengenezwa. Nilinunua yangu kwa 850,000, pesa ya mchezo niliyongoja miezi saba zamu yangu ifike. Niliivalisha kava lile laini linaloonesha nyuma, nikakaa nalo miezi miwili. Likaanza kuwa njano, simu ikawa inapata joto kila nikiichaji, na mfukoni ilijaa kama kipande cha sabuni. Nikalitoa. Tangu hapo sikuwahi kujuta hata siku moja, mpaka Jumamosi iliyopita.

Nilikuwa nashuka kwenye daladala Mbagala Rangi Tatu, abiria mmoja akanipiga kiwiko bila kukusudia. Simu ikaenda kwa kona kwenye ukingo wa zege wa barabara. Nilipoiokota nikaona ufa umetoka kona ya chini kushoto ukapanda hadi kwenye kamera ya mbele. Kioo kinawaka vizuri, picha ipo, ila tachi ya nusu ya chini imekufa kabisa. Na mnajua namba za siri za kutuma pesa zinaandikwa wapi: hapo hapo chini. Siku mbili nimeshindwa kumtumia mama hela ya dawa, na laini imesajiliwa kwa jina langu na simu ya pili sina. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ufa wenyewe.

Fundi ameniambia kioo orijino 260,000, kopi 120,000. Kava nililolitoa nililinunua 8,000.

Sasa naombeni wenye ujuzi mnisaidie mambo mawili. Kwanza, kava la 8,000 lingezuia kweli ule ufa, au ni faraja tu tunajipa? Pili, habari ya kava kuua betri kwa joto, ina ukweli kiasi gani? Nataka kuamua mara moja kabla sijatoa hiyo pesa ya kioo.

#2 Mama Wawili

Pole sana kaka. Kwa mama, hamishia laini yako kwenye simu ya ndugu kwa muda, umtumie hela kutoka hapo.

Mimi nina watoto wa miaka 2 na 4. Simu yangu imeanguka kutoka kitandani, kutoka kwenye meza ya chakula, imerushwa kutoka kwenye kiti cha gari, na mara moja imetumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya kufulia. Ina kava nene la mpira lenye kona zilizovimba. Ni baya, nakubali, na mume wangu analiita buti. Kioo ni kile kile ilichotoka nacho dukani.

#3 Bisibisi

Mkuu Mbuyu, pole. Natengeneza simu Kariakoo tangu 2012, nitakujibu kwa ninayoyaona mezani.

Simu kumi zikija zimepasuka vioo, nyingi ukizitazama vizuri utakuta alama ya kugonga iko kwenye kona au pembeni mwa fremu. Katikati ya kioo ni nadra, labda imekanyagwa au imekaliwa. Yako ni hivyo hivyo: umesema mwenyewe kuwa ufa umeanzia kona ya chini kushoto. Hapo ndipo ilipofikia chini.

Sababu ni kwamba kioo cha simu uso wake ni mgumu mno lakini ukingo wake ni dhaifu. Vioo hivi, kama Gorilla Glass za kampuni ya Corning, hulowekwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la kama nyuzi 400. Chembe za sodiamu zilizomo kwenye kioo zinatoka, za potasiamu zinaingia mahali pake. Hizi za potasiamu ni kubwa zaidi, kwa hiyo zinajibana, na uso mzima unabaki umekazwa kama watu kumi na tano waliokaa kiti cha watu kumi. Ufa ukitaka kuanza unakutana na mbano huo, unashindwa kufunguka. Lakini kwenye ukingo kioo kimekatwa, na fremu ya chuma inapogonga zege inausukuma ukingo huo moja kwa moja. Hakuna nafasi ya kupumua.

Kava laini linafanya kazi mbili hapo. Linaitanguliza plastiki ifike chini kabla ya fremu, na ule ukingo wake ulioinuka mbele unakiweka kioo juu kidogo hata simu ikilalia uso. Simu yako ilianguka kwa kona kutoka urefu wa kiuno. Kwa macho yangu, kava zuri lingeiokoa. Sisemi lazima, maana nimepokea simu zenye makava mazuri zimepasuka kwa kuangukia jiwe moja lililochongoka katikati ya kioo. Huko kava halina la kufanya.

Ila kuna kava na kava. Yale magumu ya plastiki kavu yenye picha za maua na wachezaji, ukiligonga kwa ukucha linalia ko-ko-ko, hayo yanazuia mikwaruzo ya mgongoni na basi. Kona zake zikigonga chini zinapasuka au zinapitisha pigo lote kwenye fremu. Unalotaka ni lile ukilibonyeza kona kwa kidole linabonyea na kurudi.

#4 Nyuzi na Nondo

Niongezee hesabu kwa alichosema Bisibisi, maana nasoma uhandisi na swali hili tuliwahi kulifanyia kazi sisi wenyewe bwenini.

Simu ya gramu 200 ikianguka kutoka mita 1, inafika chini kwa mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 16 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia mbio za kujitahidi. Nishati inayobeba ni kama jouli 2, ndogo tu. Tatizo ni umbali inaoutumia kusimama.

Fremu ya chuma juu ya zege haina pa kubonyea. Tuseme inasimama ndani ya nusu milimita. Gawanya jouli 2 kwa nusu milimita, unapata wastani wa nguvu ya nyutoni 4,000, sawa na kuweka mzigo wa kama kilo 400 kwenye kona moja kwa kitambo kidogo sana. Sasa weka kona ya mpira inayobonyea milimita 3. Nguvu inashuka hadi kama nyutoni 670, sawa na mzigo wa kilo 68 hivi. Anguko ni lile lile, nishati ni ile ile, lakini pigo limepungua mara sita kwa sababu ya milimita mbili na nusu za mpira.

Ndiyo maana kava jembamba kama karatasi, hata liuzwe laki, halikusaidii kitu kwenye kuanguka. Halina milimita za kutoa.

#5 Mbuyu Mkavu

Asanteni sana. Mama Wawili, nimefanya ulivyosema kesho yake asubuhi, mama amepata dawa.

Nyuzi, nimeielewa hesabu hiyo hata mimi niliyeikimbia fizikia kidato cha pili. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Nilipochagua simu ile niliambiwa kioo chake kimepimwa, kinaanguka mita 1 hakipasuki. Sasa tuamini lipi?

#6 Bisibisi

Vipimo hivyo vipo na sidhani kama wanadanganya. Gorilla Glass Victus 2 ilipotoka 2022 Corning walisema inahimili kuanguka mita 1 kwenye sakafu inayofanana na zege. Lakini kinachopimwa pale ni kioo kipya. Chako kimekaa miaka miwili mfukoni bila kava wala protekta.

Chukua simu yako, izime, isogeze dirishani, itazame kwa upande. Utaona mistari midogo midogo. Kila mstari ni mlango. Ule mbano niliouelezea uko kwenye ngozi ya juu tu ya kioo, unene wake ni mdogo sana, na mkwaruzo ukiuchimba hadi karibu na mwisho wake, ufa hauna tena cha kuuzuia. Siku simu inapoanguka unadhani ndiyo siku imeharibika, kumbe umekuwa ukiidhoofisha kidogo kidogo tangu ulipoinunua.

Na mkwaruzo hauletwi na funguo kama watu wanavyodhani. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachokwenda 1 hadi 10, kioo cha simu huanza kukwaruzika kwenye 6. Chuma cha funguo kiko chini ya hapo. Mchanga wenye kwatsi, zile punje zinazometa juani, uko 7. Punje moja ya vumbi la barabarani ndani ya mfuko wa suruali ya jinzi inatosha.

#7 Ngalawa

Salamu kutoka Unguja. Hapa Bisibisi amenigusa, maana mimi kazi yangu ni kupeleka wageni baharini na simu naishika mchanga ukiwa mikononi.

Kuna jambo halijasemwa. Kava nalo linakusanya mchanga. Unaingia ukingoni, kwenye tundu za vitufe na za spika, unashuka hadi kati ya kava na mgongo wa simu, na humo ndani unasaga kutwa nzima kila unapoitoa na kuiingiza mfukoni. Nilikaa na kava mwaka mzima bila kulivua. Siku nimelivua nimekuta mgongo umekwaruzika kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu, hasa kuzunguka kamera. Mwenzangu aliyekuwa na simu bila kava, mgongo wa yake ulikuwa safi kuliko wa yangu.

Mchanga mweupe wa huku mashariki, Paje na Jambiani, mwingi ni mabaki ya matumbawe na chaza, huo ni laini kuliko kioo na haukwaruzi sana. Ila ukienda mjini, kwenye mchanga wa ujenzi na wa barabarani, huo ndio mbaya.

Na chumvi. Maji ya bahari yakiingia chini ya kava hayakauki upesi. Yanabaki pale, yanaacha ukungu mweupe pembezoni mwa kitufe cha kuwashia, na siku moja kitufe kinakataa kubonyea. Sasa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini navua kava, nalisuuza kwa maji ya mfereji, naifuta simu kwa kitambaa kikavu, narudisha likiwa limekauka kabisa. Wale wanaojivunia simu za IP68, yaani zenye kinga ya maji, wajue kipimo kile hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, bahari haimo. Na kioo kikishapata ufa, hata ufa wa unywele, ile kinga ya maji msiitegemee tena.

#8 Muscat Kwetu

Nimesoma swali la pili la mleta mada halijajibiwa, nalo ndilo ninaloishi nalo.

Niko Oman mwaka wa sita, naendesha gari la kampuni. Majira ya joto huku nyuzi 40 ni siku ya kawaida, na inapanda zaidi. Simu yangu ilikuwa imevaa kava nene, imebandikwa kwenye dashibodi juani, ramani inaongoza, inachajiwa wakati huo huo. Saa sita mchana ikawa inafifisha mwanga yenyewe, kisha inaandika kwamba ina joto, ikaacha kufanya kazi. Nilifikiri imeharibika. Miezi minane baadaye betri ilikuwa inaisha kabla ya adhuhuri.

Nikaanza kutafuta. Apple wenyewe wanasema simu zao zitumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35, na wanaandika waziwazi kwamba aina fulani za kava zinaweza kuongeza joto wakati wa kuchaji, na ukiona simu inakuwa moto, ivue kava kwanza. Kwa hiyo anayesema joto la kava ni hadithi, amekosea.

Lakini tuelewane vizuri: kava halitengenezi joto. Joto linatoka kwenye betri inapochajiwa, kwenye prosesa inapofanya kazi, na kwenye jua. Simu haina feni, inalitoa joto hilo kupitia mgongo na fremu. Plastiki na mpira vinapitisha joto kwa shida, ndiyo maana mpini wa sufuria unawekwa plastiki. Unapoivalisha simu kava ni kama kumfunika mtu blanketi: akiwa amekaa tu kivulini hana neno, akiwa anakimbia juani atazidiwa. Na betri za lithiamu zinazeeka haraka zikikaa kwenye joto, hasa zikiwa zimejaa chaji hadi juu.

Mimi sasa simu naiweka mbele ya tundu la kiyoyozi, navua kava nikichaji ndani ya gari, na siiachi garini imefungiwa. Nje ya hapo kava liko mwilini mwake muda wote, maana vigae vya huku havina huruma.

Na ndugu zangu wa nyumbani, mnaochaji simu juu ya godoro au chini ya mto usiku, acheni hilo kabla hamjalilaumu kava.

#9 Kiganja Kidogo

Naombeni niseme upande wa pili kwa sababu naona uzi wote unaelekea kwenye makava mazito.

Mikono yangu ni midogo. Simu za siku hizi ni ndefu, na ukizivalisha lile buti la Mama Wawili (samahani dada, nakuheshimu), mimi siwezi kuizungusha vidole. Naishika kwa ncha. Simu yangu yenye kava nene ilikuwa inaniponyoka mara mbili kwa wiki, kava likawa linazuia madhara ya anguko ambalo lenyewe limelisababisha. Nilipobadilisha nikaweka kava jembamba la silikoni lenye mkanda wa kupitisha kidole nyuma, ni mwaka na nusu haijaanguka hata mara moja.

Bila kava kabisa pia kuna ubaya wake kwa simu zenye mgongo wa kioo. Zinateleza kama samaki. Niliwahi kuiweka yangu juu ya mkono wa kochi, ikatambaa yenyewe ilipoita hadi ikadondoka.

Kwa hiyo ukienda dukani, kabla hujatazama unene, lishike kava kwa mkono mmoja, kidole gumba kifike upande wa pili wa kioo. Kisipofika, liache. Mbuyu, wewe ulisema la kwako lilikujaa mfukoni. Nadhani hukuwa umekosea kulivua, ulikosea kutotafuta lingine.

#10 Mama Wawili

Sijakasirika dadangu, umesema kweli. Mimi natumia mikono miwili kwa sababu simu yenyewe naitumia nimekaa. Ningekuwa wa kutembea nayo mjini nisingeliweza.

#11 Boda wa Kisumu

Hamjambo wote. Kwetu Kisumu simu ndiyo kazi yenyewe. Mteja anaagiza, ramani inakuelekeza, malipo yanaingia papo hapo. Simu ikizima umelala njaa.

Nilinunua kava gumu kabisa, la tabaka mbili, pamoja na kile kishikilio cha kufunga kwenye usukani wa pikipiki. Nikajua nimemaliza. Haijaanguka hata siku moja. Lakini baada ya miezi mitano kamera ya nyuma ikaanza kutetemeka yenyewe, picha zote zina ukungu, ukiitoa uiweke mezani bado inacheza na inalia kama nzi. Fundi aliifungua akaniambia ni mtetemo wa injini.

Baadaye nikapata kwamba Apple walitoa onyo hili Septemba 2021. Kamera nyingi za sasa zina lenzi inayoelea kwa sumaku ili kutuliza picha mkono ukitikisika, na mtetemo wa pikipiki unaopanda kupitia chuma cha usukani unaiharibu kidogo kidogo. Onyo lilikuwa hasa kwa pikipiki za injini kubwa, lakini hata kwa ndogo walishauri kishikilio chenye mpira wa kumeza mtetemo, na usiiweke pale kila mara.

Kava halikunisaidia, maana limeshikwa na kishikilio pamoja na simu, vinatetemeka vyote. Siku hizi naiweka kwenye mkoba wa kifuani, nasimama pembeni ndipo naangalia njia. Nachelewa dakika mbili. Wenzangu wengi wa boda hawajui hili, ukimpata mmoja mwambie.

#12 Bisibisi

Boda, hilo naliona sana, na wengi wanadhani wameuziwa simu mbovu.

Acha niseme na habari ya protekta maana ndiyo pacha wa kava. Protekta ya kioo ni nzuri kwa mikwaruzo. Inakwaruzika yenyewe badala ya kioo, unaibandua kwa elfu tano unaweka nyingine. Kwenye kuanguka kwa kona inasaidia kidogo sana, kwa sababu haifiki ukingoni. Ile 9H iliyoandikwa kwenye pakiti ni kipimo cha ugumu wa penseli, haina uhusiano na ile 10 ya Mohs ambayo ni almasi. Mchanga unaikwaruza kama kawaida.

Kwa simu zenye kioo kilichopinda pembeni, kuna protekta za gundi ya maji inayokaushwa kwa taa. Mtu akiimimina nyingi inaingia kwenye tundu la spika na chini ya vitufe, ikishakauka imekauka. Nimezikwangua simu kadhaa za namna hiyo na nyingine nimeshindwa. Mwenye kubandika awe mtu unayemwamini.

Na kama simu yako ina alama ya kidole chini ya kioo, usibandike chochote kabla hujajua. Mwaka 2019 ilitokea kwa Samsung Galaxy S10: wenye kava na protekta fulani za silikoni waligundua simu inafunguka kwa kidole cha mtu yeyote, kwa sababu ilikuwa inasoma michoro ya silikoni badala ya kidole. Samsung walirekebisha kwa programu mpya, lakini kabla ya hapo kuna benki Korea Kusini iliyowaambia wateja wazime kwa muda kuingia kwa alama ya kidole. Fikiria simu ambayo ndiyo pochi yako. Ukibadilisha protekta, futa alama za zamani uandikishe upya.

#13 Mzee wa Chumbageni

Assalaam alaykum vijana. Mimi ni mstaafu, niko Tanga. Nimesoma yote kwa utulivu na nimefaidika.

Mimi hutumia kava la kufunika kama kitabu. Nalipenda kwa sababu kioo kinafungwa, na lina mifuko ya kadi. Mwaka jana nilisafiri kwenda Dodoma kwenye msiba, nikafungua dira ya kibla kwenye simu ndani ya chumba cha wageni. Nikaswali siku mbili kuelekea ilikoonesha. Siku ya tatu mwenyeji akaniambia, mzee, sisi huku tunaelekea huku. Tofauti ilikuwa kubwa, karibu robo ya mzunguko.

Mjukuu wangu ndiye aliyetambua. Kava lile linajifunga kwa sumaku, na dira ya simu inafuata uga wa sumaku. Tulipoitoa simu ndani ya kava na kuizungusha mara kadhaa hewani, ikarudi sawa. Nimeandika haya kwa sababu wazee wenzangu wengi wana makava hayo na hutegemea simu safarini. Mkitaka dira, toeni kava kwanza.

Swali langu: je, sumaku hiyo inaharibu na kadi ya benki?

#14 Nyuzi na Nondo

Wa alaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Kadi zenye chipu ile ya dhahabu, chipu yenyewe haiathiriwi na sumaku ndogo kama hiyo. Kinachoweza kufutika ni ule mstari mweusi wa nyuma ya kadi, kwa sababu taarifa zake zimeandikwa kwa sumaku. Kadi za hoteli za kufungulia mlango ni dhaifu zaidi, hizo usiziweke kabisa. Ya benki iweke mfuko ulio mbali na kifungo.

Na kama simu yako inachajiwa bila waya, kadi zitoe kabla ya kuilaza kwenye chaja, na kava lenye bamba la chuma halifai kabisa, linapata moto na chaji haipiti vizuri.

#15 Mbuyu Mkavu

Nimerudi na majibu wakuu. Nimeweka kioo orijino. Nilifikiria ile kopi ya 120,000, lakini fundi alinionesha zote mbili zikiwa zimewashwa, kopi rangi zake zimepauka na inaongeza unene, nikaona nitajuta kila siku nitakapoitazama.

Kava nimenunua Mtaa wa Aggrey. Nililishika kama alivyosema Kiganja Kidogo, kidole gumba kikafika. Kona nimezibonyeza moja moja, zinarudi. Ukingo wake umeinuka mbele na pia kuzunguka kamera. Nimeilaza simu kifudifudi mezani, nikapitisha karatasi chini ya kioo, ikapita bila kugusa. Bei 12,000.

Nilijaribu na la joto. Jana usiku nimechaji na kava, leo bila kava, chaja ile ile, meza ile ile. Kwa mkono tofauti ipo, ya kava ina joto zaidi, ila si ile ya kutisha niliyoikumbuka. Nikakumbuka kwamba zamani nilikuwa nachaji juu ya kitanda huku natazama mpira.

Limebaki moja. Bisibisi, je, nilivue kila usiku nikichaji?

#16 Bisibisi

Hapana, usilivue kila siku. Kava laini ukilivua na kulivalisha kila siku kona zinatanuka, baada ya miezi michache linakuwa linacheza, na kava linalocheza linaitema simu likigonga chini. Usiku chaji kwenye meza ngumu ukiwa umeizima data au unatumia chaja ya kawaida isiyo ya kasi, joto litakuwa dogo. Livue unapoona simu imekuwa moto kweli, kama alivyoeleza Muscat Kwetu, na mara moja kwa wiki ulisafishe mchanga kama Ngalawa.

Kila ukilivua kwa usafi, lipime kona ile ile ya chini kushoto kwa kidole gumba. Siku likitoka bila kuvutwa, njoo uchukue lingine.

#17 Mbuyu Mkavu

Sawa mkuu. Ijumaa basi, pamoja na Ngalawa.